Upawa Uliolika Upande Mmoja

Mlioko nyuma sogeeni mbele kidogo. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na sitaki kuilazimisha. Neno mmelisikia likisomwa, na mchungaji alilifafanua vizuri Jumapili iliyopita, mimi sina la kuongeza juu yake. Nina mfano mmoja tu. Nitausema polepole, nanyi mnivumilie, halafu tutaimba na kwenda nyumbani.

Kulikuwa na fundi mmoja aliyetengeneza vyombo vya jikoni kwa vyuma vilivyotupwa. Sufuria zilizotoboka, fremu za madirisha zilizopinda, vipande vya injini za magari yaliyokufa, vyote aliviokota au aliletewa, almradi ni alumini. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Ukipita pale unasikia joto kabla hujamwona mtu. Alifanya kazi na shemeji yake, yaani kaka wa mke wake. Fundi alimimina, shemeji alivuta mivukuto ya kupuliza moto. Kazi ile haifanyiki na mtu mmoja. Mkono unaovuta mivukuto hauwezi kushika chungu cha kuyeyushia, na mkono unaoshika chungu hauwezi kukiacha ukakimbilie mivukuto.

Walitengeneza sufuria, mifuniko, miiko ya ugali. Lakini watu walimjua fundi yule kwa pawa zake, za kupakulia mchuzi na maharage.

Sasa nisikilizeni namna upawa unavyotengenezwa, maana mfano wote uko hapo. Fundi ana kasha la mbao lenye pande mbili, la chini na la juu. Analijaza mchanga laini wenye unyevu kidogo. Anachukua upawa uliokwisha kutengenezwa, anaulaza kwenye mchanga, ananyunyiza majivu ili pande zisishikane, anafunika na kushindilia. Akifunua na kuutoa ule upawa, mchangani inabaki nafasi yake. Humo ndimo anamomimina alumini iliyoyeyuka. Ikipoa, anabomoa mchanga na kutoa upawa mpya, unaofanana kabisa na ule wa kwanza. Kama ule wa kwanza una mkwaruzo, mpya nao una mkwaruzo. Kama ule una kibonyeo, na huu una kibonyeo.

Ule wa kwanza, unaolazwa mchangani, fundi yule aliuita mama. Na mama wa pawa zake zote alikuwa upawa wa mke wake.

Siku alipouchukua jikoni mara ya kwanza, mke alimfuata hadi mlangoni.

"Unakwenda wapi na upawa wangu?"

"Nakwenda kuuzalisha. Utarudi jioni."

"Na mchana nipakue maharage na nini? Na koleo lako?"

"Pakua na kikombe."

"Ukirudi ukakuta umepakuliwa kwa kikombe, usiulize mchuzi uko wapi."

Basi wakacheka, akaenda nao. Ikawa ndiyo desturi. Siku ya kumimina, upawa unakwenda kibandani. Jioni unaoshwa mchanga na kurudi kwenye sufuria.

Sasa, yule mke wa fundi alikuwa mashoto. Alikoroga kwa mkono wa kushoto, akakwangua ukoko kwa mkono wa kushoto, miaka mingi, upawa uleule. Mdomo wa upawa ukalika upande mmoja, upande ambao kwa watu wengi hauliki. Na kwa kuwa ule ndio ulikuwa mama, pawa zote zilizotoka katika kile kibanda zilikuwa zimelika upande ule, mpya kabisa, hazijagusa sufuria hata mara moja. Wanawake sokoni walilalamika.

"Fundi, upawa wako umeinamia upande."

"Hamia upande wa pili wa sufuria," aliwajibu.

Wakanunua hivyohivyo, kwa sababu ulikuwa mzito, haupindi, na mpini wake hauchomi upesi. Mji mzima ukapakuliwa kwa upawa wa mwanamke mmoja mashoto, na karibu wote hawakujua.

Ndugu zangu, yule mke wa fundi akafa. Sitaeleza aliugua nini. Aliugua, akafa, akazikwa.

Walipomaliza matanga, fundi alirudi kibandani. Shemeji alikuwa ameshawasha moto. Fundi akauchukua ule upawa, akauweka juu ya mchanga, mkono ukakataa kushindilia. Aliona kama anamfukia mara ya pili. Je, mmeona ajabu? Mimi sioni ajabu. Waliowahi kurudi kutoka makaburini wakakuta kikombe cha mtu kimeachwa mezani, wanajua ninachosema.

Siku hiyo hakumimina. Kesho yake akanunua upawa wa dukani, ulionyooka, usio na habari yoyote, akaufanya mama mpya. Ule wa mke wake akauzungushia kanga ya marehemu mara nyingi, kama unavyomfunika mtoto asipigwe na baridi. Kibandani palikuwa na birika kubwa, lile linalochemshiwa chai kwenye misiba na harusi, limekatika mdomo. Akauingiza upawa humo ulalo, akafunika, akaufunga mfuniko kwa waya, akalitundika kwenye msumari juu ya boriti. Aliona mahali pale ni salama kuliko nyumbani. Nyumbani ndugu wanaingia na kutoka, kila mtu anaomba kumbukumbu. Lakini birika bovu katika kibanda cha vyuma vibovu, nani atalitamani?

Shemeji aliliona likining'inia, akauliza:

"Shemeji, hili birika tulitie chunguni lini?"

"Liache."

"Unalifuga?"

"Nimesema liache."

Shemeji akaacha. Hakuambiwa kilichomo. Upawa ule ulikuwa wa dada yake, wamezaliwa tumbo moja, na hakuambiwa. Na wanawake walipouliza mbona pawa za siku hizi zimenyooka, ule mama wa zamani umekwenda wapi, fundi alijibu, "Umechakaa." Wakaridhika. Kuna uongo ambao watu wanaupokea kwa heshima, kwa sababu wanaona macho ya anayeusema.

Ukapita mwaka.

Kanisa la pale lilikuwa na sherehe ya kipaimara, na kina mama wakaagiza pawa thelathini za kupakulia wageni. Siku ya kazi, zilipotoka ishirini na kitu, alumini ikapungua. Mchanga umeshachapwa, makasha yamefungwa, moto umeiva, chuma hakitoshi. Fundi akamwambia shemeji, "Endelea kuvuta, moto usilale. Naenda kwa fundi baiskeli, nitapata kitu." Akatoka na gunia.

Akachelewa. Fundi baiskeli hakuwapo, akalazimika kwenda mbele zaidi. Shemeji akavuta mpaka mabega yakauma. Mkaa ukaanza kuisha. Akajua moto ukilala, kazi ya siku nzima imekwenda, na kina mama watakuja asubuhi wakute pungufu. Akatazama kulia na kushoto. Akatazama juu.

Alikuwa mtu makini. Kwenye kazi ile, chuma chenye maji ndani ni hatari, kinaweza kuruka na kukuunguza uso. Kwa hiyo alilishusha birika, akalitikisa karibu na sikio lake asikie kama lina maji. Kimya. Kanga ilikuwa imeushika upawa vizuri, haukugonga popote. Akaliweka karibu na moto likauke zaidi, akaliponda kwa nyundo likawa bapa ili liingie chunguni. Aliona zito kuliko alivyofikiri, akafurahi. Lilitoa moshi kidogo, kama nguo inayoungua. Akasema moyoni, ni vumbi la siku nyingi.

Ikatosha. Akamuita jirani avute mivukuto, yeye akamimina. Pawa thelathini kamili.

Fundi akarudi, gunia begani, jasho linamtoka. Akakuta shemeji amekaa kwenye kigoda anakunywa maji, na mbele yake pawa zimepangwa.

"Tua mzigo, shemeji," akamwambia. "Umekwenda kuchimba chuma au kukiokota? Kazi imekwisha."

"Umepata wapi?"

"Mungu kafungua njia. Lile birika lako la kufuga nimelichinja."

Fundi akatazama boriti. Akautazama ule msumari. Gunia lilikuwa bado begani.

"Ndani mlikuwa na kitu," akasema.

"Nilitikisa, halikuwa na maji."

"Si maji. Mlikuwa na upawa wa dada yako."

Shemeji aliweka kikombe chini. Fundi aliutua mzigo wake taratibu, akasema, "Nenda nyumbani." Shemeji akavua aproni ya ngozi, akaikunja, akaiacha juu ya kigoda, akaenda.

Hebu nikuulizeni. Mwenye kosa ni nani hapo? Ni yule aliyetia birika motoni bila kujua lina nini? Au ni yule aliyejua lina nini asiseme? Fundi mwenyewe hakuuliza swali hilo. Mwenye uchungu huwa haulizi, anatazama tu ni mkono wa nani ulioshika nyundo.

Alikaa mbele ya zile pawa thelathini. Alizishika moja moja. Ni upi? Labda wa mwisho. Labda zile nne za mwisho, kila mmoja na kidogo. Aliuinua mmoja kwenye mwanga, akaupima uzito mkononi, akaugonga na kuusikiliza. Zote zilisema sauti moja. Zote zilikuwa na mdomo ulionyooka wa dukani. Alikuwa anamtafuta mke wake kwenye chuma, na chuma hakikumwonyesha kitu. Asubuhi kina mama wakaja, wakazichukua wakiimba, naye akaziacha ziende. Afanye nini? Awazuie watu kula kipaimara?

Kwa siku nane kibanda kikafungwa. Nasema siku nane lakini zilikuwa ndefu. Hakwenda kwa shemeji, wala shemeji hakuja. Chakula alinunua kwa mama ntilie, akala kwa mkono, akalala.

Siku ya tisa, mchana, akawa amekaa mlangoni pa kibanda bila kufanya lolote. Akaja bibi mmoja, mfupi, na kikapu.

"Hodi hapa."

"Karibu, bibi. Leo sifanyi kazi."

"Sijakuuliza kama unafanya kazi. Nimekuletea mgonjwa."

Akatoa upawa kikapuni. Ulikuwa mweusi mgongoni kwa moshi wa kuni, na kile kipindo cha mwisho wa mpini, cha kutundikia, kilikuwa kimekatika.

"Nirudishie sikio lake," akasema bibi. "Ukianguka sufuriani naungua vidole kuutoa. Mjukuu wangu alininunulia mwingine mwaka huu, hapahapa kwako, nimewapa kuku wanywee maji. Huu ndio unaonielewa. Mimi ni mashoto. Nimechapwa kwa mama, nimechapwa shule, nikaolewa nikasemwa na mama mkwe, kisa mkono huu. Upawa huu nilipoununua nikasema, kumbe duniani kuna mtu ananijua."

Fundi aliupokea. Alipitisha kidole gumba kwenye mdomo wa upawa, polepole. Kikafika upande ule. Kikashuka.

Ndugu zangu, palepale yule mtu alikipitisha tena kidole, mara ya pili na ya tatu.

"Niuzie," alisema mwishowe.

"Siuzi."

"Nitakupa sufuria tatu mpya, na mifuniko yake."

"Nipakulie nini, mfuniko?"

"Bibi, huu ni wa mke wangu."

"Huu ni wangu. Nimepakulia watu tangu binti yangu wa mwisho hajaolewa, na sasa ana watoto wanne."

Basi akamweleza. Akamweleza jinsi upawa wa mke wake ulivyokuwa mama, kanga, birika, shemeji, siku zote nane. Bibi alisikiliza, kikapu miguuni. Alipomaliza, bibi hakumpa pole. Aliuliza:

"Huo mwaka mzima, upawa ukiwa kwenye birika, wewe ulikuwa unapakua na nini?"

"Sipiki. Nakula kwa mama ntilie."

"Hapo sasa. Nikikuachia huu, utautafutia birika jingine." Akaunyoosha mkono wa kushoto, akauchukua upawa wake. "Sikuachii. Ila nitakuazima. Siku ya kumimina utakuja kwangu uuchukue, jioni utanirudishia, kwa sababu jioni napika. Na leo ukitaka kuuchapa mchangani, uchape, mimi nakaa hapa nakuangalia. Siondoki bila upawa wangu."

Fundi akasimama. Akafungua kibanda. Akauloanisha mchanga, akauchekecha, akalijaza kasha la chini, akaulaza upawa wa bibi. Safari hii mkono haukukataa. Akashindilia. Akafunua. Pale mchangani palikuwa na ule mdomo, na upande wake uliolika. Ndio aliokuwa ameutafuta kwenye chuma.

Akatia mkaa, akawasha. Akaweka vyuma chunguni. Halafu akasimama katikati ya kibanda, kwa sababu alikuwa amefika mahali ambapo mtu mmoja hatoshi.

"Wa kuvuta yuko wapi?" akauliza bibi.

Fundi aligeuka. Alitazama aproni juu ya kigoda, imekunjwa vilevile. Akamwomba bibi amwazime upawa kwa muda wa kwenda nyumba ya tatu tu. Bibi akasema, "Nakuhesabia."

Alimkuta shemeji nje kwake anapalilia bustani ya mchicha ambayo haikuwa na jani la kupalilia. Walitazamana. Fundi akamnyooshea upawa.

"Pitisha kidole mdomoni."

Shemeji alipitisha. Alipofika upande ule aliita jina la dada yake, jina la utotoni, ambalo hata fundi alikuwa hajalisikia kwa miaka. Kisha akasema:

"Shemeji, mimi sikujua."

"Ungejuaje? Nilikuficha. Nilimficha mtu dada yake." Akapumua. "Mkaa unawaka na kuna bibi amenihesabia dakika. Twende ukavute."

Wakaenda. Yeye akavaa aproni, akavuta, fundi akamimina. Bibi amekaa kwenye kigoda, kikapu magotini, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Ikapoa. Wakabomoa mchanga, wakautoa upawa, ukiwa na majivu kama kifaranga aliyetoka sasa hivi kwenye yai. Shemeji akaulaza sambamba na ule wa bibi, akalinganisha.

"Ni mdogo," akasema.

Ni kweli. Alumini ikipoa inasinyaa. Kila mtoto anatoka mdogo kidogo kuliko mama, na huyu alikuwa mjukuu. Unene wa ukucha hapa, unene wa ukucha pale. Fundi aliyajua hayo tangu ujana wake.

"Ni mdogo," akakubali. "Lakini ni wake."

"Mmemaliza kuupima?" akauliza bibi. "Nirudishieni wangu, na sikio lake mlitengeneze sasa hivi. Maharage yako jikoni. Na ninyi wawili mje mle. Nimechoka kuwatazama mlivyokonda."

Jioni ile walipakuliwa maharage kwa mkono wa kushoto. Na ndiyo ikawa desturi yao mpya. Siku za kumimina, fundi anakwenda kwa bibi kuazima, na hawezi kuondoka bila kula. Kila upawa anaoutoa anauuza, na mpaka leo hana mama wa kwake kwenye kibanda chake. Kila akimtaka mke wake, anamkuta kwa watu, akiwa kazini.

Huo ndio mfano wenyewe, nimeumaliza. Sasa tuzungumze sisi.

Yule mtu alikuwa na upawa mmoja aliouficha na pawa nyingi alizozitoa. Alipohesabu mali ya moyo wake, alihesabu ule mmoja tu. Zile nyingi aliziona zimekwenda. Ni upi ulioteketea? Ni ule uliofungwa kwa waya. Ni upi uliorudi mlangoni pake kwenye kikapu, wakati hana tumaini? Ni ule aliomruhusu mtu mwingine aungue nao vidole.

Sisi nasi tunafunga waya. Mtu wetu akitangulia, tunachukua kile Mungu alichokiweka mkononi mwake kwa ajili ya watu, tunakizungushia kanga, tunakitundika mahali ambapo hata kaka yake hajui. Tunaita kumheshimu. Na akiuliza mtu, tunasema kimechakaa. Halafu tunashangaa mbona nyumba imenyamaza. Itaachaje kunyamaza, nasi tumemfungia yule aliyekuwa anasema ndani yake?

Sisemi kwamba hakipungui kitu. Atakayewaambia hakipungui, hajazika. Kinapungua, unene wa ukucha hapa, unene wa ukucha pale, na Mungu anaona jinsi tunavyopitisha kidole kutafuta kilichobaki. Lakini kilichobaki kinapakua. Watu wanakula. Nami nimeona kwamba mtu anaweza kushiba na kuwa na amani kwa kilichobaki, akamshukuru Mungu bila kujilazimisha.

Sasa namalizia, na hapa sitawatazama ninyi peke yenu.

Mama Nakijwa, wewe na kina mama wa kikundi mlikuja nyumbani kwangu mara mbili tangu nimzike mke wangu. Mliniuliza zile karatasi za kaki ambazo yeye, Mama Namsifu, alikuwa anakatia nguo za kwaya ziko wapi, maana mnakata kwa kukisia na mabega hayakai. Mara ya kwanza nikasema sijui. Mara ya pili nikasema nadhani panya wamezila. Mlinipa pole, mkaondoka kwa heshima.

Panya hawakuzila. Zilikuwa kwenye sanduku, chini ya nguo zake, na ufunguo nilitembea nao mfukoni. Usiku sikuzitazama, mchana sikuzitazama. Nilitaka tu ziwe zimefungwa. Mnisamehe kwa maneno yale mawili niliyowaambia. Nimeshamwomba Mungu, na ninyi nawaomba mbele ya wote.

Nimekuja nazo. Ziko kwenye mfuko huu hapa mezani, mikono, migongo, kola, zote, na mwandiko wake wa kalamu nyekundu uko juu yake. Msiziwekee kioo mkatundika ukutani. Zikatieni nguo, zichanike, mkizimaliza mtachora nyingine juu ya nguo mlizozishona.

Na kola yake inalala kidogo upande wa kushoto, waliovaa wanajua. Mkiona hivyo, msije mkadhani mmekosea. Msiinyooshe.

Kwaya, simameni mtuimbishe.